Plazima Baridi Mbele ya Upepo wa Tanganyika

Plazima baridi inaua vijidudu vinavyoelea hewani. Ni vizuri kulikubali hilo mapema, maana wengi wanaoipinga huanza kwa kuiita hadaa, na kwa kufanya hivyo humpa muuzaji ushindi wa bure: anatoa karatasi ya maabara, karatasi inaonyesha bakteria waliokufa kwa asilimia 99.9, na mjadala unaishia hapo. Swali la Bujumbura ni jingine. Katika mji ulio kando ya ziwa, wenye joto mwaka mzima, wenye umeme wa kukatikakatika na madarasa yaliyofurika, je, fedha chache zilizopo za kuwakinga watu na kifua kikuu, surua na mafua zitumike kununua sanduku la plazima? Jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa vyumba vichache sana. Sababu zenyewe ni za hesabu na kemia, na mtu yeyote anaweza kuzipima mwenyewe.

Kwanza tukifahamu chombo. Gesi ikipata nguvu ya umeme ya kutosha, elektroni hung'oka kwenye atomu zake, na kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni huru, ioni na molekuli zilizochangamka. Hali hiyo, ambayo Mmarekani Irving Langmuir aliipa jina la plazima mwaka 1928 (si ile plazima ya damu), ndiyo iliyomo ndani ya radi na ndani ya jua. Radi ina joto la maelfu ya nyuzi. Katika plazima baridi ni elektroni pekee zinazopata joto kali. Gesi yenyewe hubaki na joto la kawaida la chumba, kiasi kwamba madaktari wa nchi kadhaa huitumia kutibu vidonda vya ngozi. Hutengenezwa kwa kuweka volti nyingi kati ya vipande viwili vya metali vilivyotenganishwa kwa kioo au kauri, au kwenye ncha kali ya sindano ya chuma. Si jambo la jana. Mjerumani Werner von Siemens alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1857 ili kupata ozoni, na mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Nice, Ufaransa, ulikuwa tayari unasafisha maji ya kunywa kwa ozoni iliyozalishwa na umeme. Hewa ikipita kwenye plazima hiyo, oksijeni, nitrojeni na mvuke wa maji huvunjika na kuunda vitu vikali: ozoni, oksidi za nitrojeni, na hidroksili, ambayo ni kali kuliko zote. Vitu hivi hutoboa utando wa bakteria, huharibu protini za virusi na kukata nyuzi za urithi. Ni vigumu kwa kijidudu kujizoesha navyo kama kinavyojizoesha na dawa.

Ushahidi upo, na ni wa heshima. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha hewa yenye virusi kwenye bomba lililojaa shanga za kioo huku cheche za umeme zikiwaka kati ya shanga hizo, na virusi 999 katika kila 1000 vilipoteza uwezo wa kuambukiza katika muda usiofika hata sekunde moja. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, wataalamu wa Urusi walibuni chombo cha plazima baridi kwa ajili ya hewa ya kituo cha anga cha Mir, ambako ukungu na bakteria walikuwa tishio kwa afya ya wanaanga na kwa mitambo yao. Teknolojia hiyo baadaye ilishuka duniani na kuingia katika hospitali za Ufaransa, kwenye vyumba vya wagonjwa ambao kinga yao ya mwili imeporomoka. Angalia vizuri mifano hii miwili. Kituo cha anga hakina dirisha la kufungua. Chumba cha mgonjwa wa saratani ya damu hufungwa kwa makusudi, hewa yake hupimwa, na kuna fundi wa kukihudumia chombo. Tena katika mifano yote miwili plazima imefungiwa ndani ya sanduku: hewa ndiyo inayoifuata, inapita, inasafishwa, na ozoni iliyobaki inanaswa kabla ya hewa kurudi chumbani.

Vifaa vingi vinavyouzwa kwa watu wa kawaida havifanyi hivyo. Hivyo hutema ioni chumbani, ama kama kisanduku cha mezani, ama kama kipande kidogo kilichowekwa ndani ya kiyoyozi cha ukutani, na tangazo husema ioni hizo zitawafuata vijidudu popote walipo. Hapa ndipo kemia inapokataa. Hidroksili, ile kali kuliko zote, haidumu hata sekunde moja; huungana na kitu cha kwanza inachokutana nacho. Ioni nazo hufifia upesi na kugandia kuta, nguo na vumbi. Kinachoweza kusafiri hadi pembe ya mbali ya chumba na kubaki huko ni ozoni, na ozoni kwa kiwango kisichodhuru mapafu haiui vijidudu vya kutosha. Idara ya mazingira ya Marekani imelisema hilo kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, kinachoua hakifiki, na kinachofika ndicho kinachomkohoza mwenye pumu.

Ndiyo maana namba za matangazo zinahitaji kusomwa pamoja na ukubwa wa chumba cha majaribio. Septemba 2020, Sharp ya Japani, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu vikiwemo Nagasaki, ilitangaza kwamba ioni za teknolojia yake zilipunguza virusi vya korona vilivyokuwa hewani kwa asilimia 91.3 ndani ya sekunde 30. Jaribio lilikuwa la kweli, na kampuni yenyewe ilieleza masharti yake: sanduku la lita 3 hivi. Darasa la kawaida lina lita zaidi ya 160,000. Hata hivyo hofu ya UVIKO-19 haikuwapa watu nafasi ya kufanya ulinganisho huo. Huko Marekani, uchunguzi wa waandishi wa habari za afya uliotolewa mwaka 2021 uligundua kwamba shule zaidi ya 2000 katika majimbo 44 zilikuwa zimenunua vifaa vya kusafisha hewa kwa ioni, plazima na njia nyingine za aina hiyo, nyingi kwa fedha za msaada wa janga. Kama wilaya za shule zenye wanasheria na wahandisi wake zilinunua kwa haraka namna hiyo, mkuu wa shule wa Kamenge au Kinama, hapa Bujumbura, asilaumiwe akivutiwa.

Tufanye hesabu ya darasa la Bujumbura. Chukua chumba cha mita 8 kwa 7, chenye kimo cha mita 3: ni mita za ujazo 168. Weka humo watoto 80, jambo ambalo halimshangazi mzazi yeyote wa mji huu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Machi 2021, linataka hewa safi angalau lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya hospitali. Kwa watoto 80 hiyo ni lita 800 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 2880 kwa saa, yaani hewa yote ya chumba ibadilike mara 17 kila saa. Sasa leta sanduku zuri la plazima, la aina inayosafisha hewa ndani kwa ndani, linalovuta mita za ujazo 150 kwa saa, na tulikubalie kwamba linaua kila kijidudu kinachopita humo bila kukosa hata kimoja. Limetoa asilimia 5 ya kinachotakiwa. Yatahitajika masanduku 20 kwa darasa moja. Huku ni kuchota Tanganyika kwa kikombe safi sana: usafi wa kikombe haubadilishi chochote kuhusu ziwa. Asilimia 99.9 ya karatasi ya maabara inaeleza kilichotokea kwa hewa iliyopita kwenye chombo. Kuhusu hewa ambayo haikupita, ambayo ndiyo mtoto wa dawati la nyuma anaivuta kutoka kwa jirani yake anayekohoa, karatasi haisemi neno.

Linganisha na dirisha. Shirika hilohilo la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu upitishaji wa asili wa hewa hospitalini, lilitoa kanuni rahisi ya makadirio: zidisha kasi ya upepo kwa eneo la uwazi ulio mdogo zaidi, kisha zidisha kwa 0.65. Upepo wa mita moja kwa sekunde, ambao ni wa kupeperusha moshi tu, ukiingia kwenye madirisha yenye uwazi wa mita 2 za mraba upande mmoja na kutokea kwenye uwazi wa kiasi hicho upande wa pili, unaleta mita za ujazo 4680 kwa saa. Darasa letu limebadilisha hewa karibu mara 28. Upepo ukipungua nusu, bado ni mara 14. Na Bujumbura imejaliwa upepo: mchana ardhi ikipata joto hewa huvuma kutoka ziwani kuja mjini, na usiku hushuka kutoka milima ya Mirwa kwenda ziwani. Mji wa Nairobi au Kabale una asubuhi za baridi zinazomfanya mtu mwenye akili timamu afunge dirisha. Hapa, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna mwezi ambao baridi inaweza kutajwa kama sababu.

Haya hayakuishia kwenye kanuni. Katika hospitali nane za Lima, Peru, watafiti walipima vyumba 70 vya wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyokuwa na mitambo ya kisasa ya hewa vilikuwa na mara 12. Majengo yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda majengo mapya. Walipokadiria hatari ya mtu kuambukizwa kifua kikuu akikaa saa 24 na wagonjwa ambao hawajatibiwa, ilikuwa asilimia 39 kwenye vyumba vya mitambo, 33 kwenye majengo mapya yenye madirisha wazi, na 11 tu kwenye yale ya zamani. Mtu anayepita mtaa wa Rohero akitazama nyumba za enzi za Wabelgiji, zenye dari refu, mabaraza na matundu juu ya milango, anatazama kinga ambayo sehemu nyingi za mji zimekwisha kuibomoa ili zijenge ofisi za vioo.

Timu hiyo ya Lima ilifanya pia jaribio lililo karibu zaidi na mada yetu, lililochapishwa mwaka 2009. Juu ya paa la wodi ya wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI na kifua kikuu waliwaweka simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni katika nyumba nyingi za ukanda wetu, na kuwavutisha hewa ya wodi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kundi lililovuta hewa isiyotibiwa liliambukizwa kwa asilimia 35. Kundi ambalo banda lake lilikuwa na vifaa vya kuzalisha ioni, ndugu wa karibu wa plazima baridi, liliambukizwa kwa asilimia 14. Kundi lililovuta hewa wakati taa za miale ya urujuanimno zikiwaka sehemu ya juu ya wodi liliambukizwa kwa asilimia 9.5. Kwa hiyo ioni zilisaidia, na asiyetaka kuzipa haki yake hapa hasomi ushahidi. Lakini zilisaidia ndani ya banda dogo la wanyama, pengine kwa kufanya chembe zigandie kuta, na hata hivyo zilipitwa na taa ambayo imejulikana tangu miaka ya 1930. Afrika Kusini, mwaka 2015, wanasayansi walirudia jaribio la taa hizo katika hospitali ya kifua kikuu ya mkoa wa Mpumalanga na kukuta zinazuia maambukizi kwa asilimia 80 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kuhusu kuzuia kifua kikuu unapendekeza taa hizo za juu ya chumba na upitishaji wa hewa. Plazima haimo katika mapendekezo hayo.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla halijasemwa: mbu. Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria Machi 2017, na kumwambia mama alale madirisha wazi bila kusema chochote kuhusu mbu ni kumtoa kwenye ugonjwa mmoja na kumpeleka kwenye mwingine. Ni pingamizi zito, na linajibiwa kwa wavu wa madirishani. Wavu hupunguza upepo kwa kiasi kikubwa, hasa vumbi likiziba vitundu, kwa hiyo uwazi lazima uongezwe na wavu uoshwe. Bado hesabu inabaki upande wa dirisha. Tena shule, makanisa, ofisi na zahanati za mchana hazina tatizo hilo kwa ukubwa uleule, kwa kuwa mbu wa malaria hung'ata zaidi usiku. Wezi wana jibu lao la nondo na matofali ya matundu, ambayo fundi yeyote wa mji anayajua.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: upepo wa ziwa haufiki kila mahali. Katika Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho kinachotawala barabarani, nyumba zimebanana, na dirisha la mmoja linatazama ukuta wa mwingine. Humo hewa inabidi itafutiwe njia ya juu: matundu chini ya paa upande mmoja na uwazi wa chini upande wa pili, ili hewa moto ipande na kutoka yenyewe. Pia kuna feni ya kutoa hewa nje, kifaa cha bei ndogo ambacho fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza. Ila tukubali kwamba kuna mahali ambapo hata hayo hayatoshi. Gereza la Mpimba lilijengwa kwa wafungwa 800 hivi na kwa miaka mingi limebeba maelfu. Hakuna dirisha, taa wala plazima inayoweza kutibu msongamano wa namna hiyo. Unaopunguza kifua kikuu pale ni uamuzi wa mahakama na serikali, pamoja na kuwapima wafungwa mapema. Muuzaji akija na sanduku lake kwa gereza, atakuwa anawapa wakubwa kisingizio cha bei nzuri.

Pingamizi la tatu ni la ofisi na benki za katikati ya mji, zilizofungwa vioo na kupozwa kwa viyoyozi. Wengi hudhani kiyoyozi cha ukutani huleta hewa kutoka nje. Hakileti; kinaizungusha ileile, ikiwa baridi, pamoja na chochote mfanyakazi mwenzako alichopumua asubuhi. Hapo ndipo kipande cha plazima ndani ya kiyoyozi huonekana kama suluhisho, na hapo ndipo ningekiogopa zaidi, kwa kuwa chumba kilichofungwa hukusanya pia kile ambacho plazima inazalisha. Ozoni ikikutana na harufu ya limau au msonobari ya dawa za kusafishia sakafu hutoa fomaldehidi na chembe ndogo sana zinazozama ndani ya mapafu. Watafiti wa vyuo vikuu vitatu vya Marekani walipopima kifaa kimoja cha ioni mwaka 2021, walikuta kinapunguza baadhi ya kemikali za hewani na kuongeza nyingine, zikiwemo asetoni na toluini. Kuhusu jikoni, ambako makaa na kuni ndiyo nishati ya karibu nyumba zote za Burundi, sanduku la plazima halitegemewi kabisa kuondoa monoksidi ya kaboni, gesi inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Moshi una dawa moja: utoke nje.

Wapo watakaosema chujio zuri nalo linahitaji umeme, linaziba kwa vumbi la Julai na Agosti, na vipuri vyake havipatikani, ilhali plazima haizuii hewa na hula umeme kidogo. Hoja hiyo ni sahihi nusu. Ni kweli kwamba hewa hupita kwenye plazima kwa urahisi kuliko kwenye chujio. Lakini sindano na vioo vya plazima navyo hushika vumbi na kupoteza nguvu, na kile kinachonasa ozoni mwishoni mwa sanduku huchoka na kutaka kubadilishwa. Umeme wenyewe, hata uwe kidogo, lazima uwepo. Katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme, na ambayo uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umenyamazisha jenereta nyingi, kinga inayozimika shirika la umeme, REGIDESO, linapokata umeme itakuwa kinga ya sehemu ya siku. Taa za urujuanimno zina udhaifu uleule, zaidi ya hayo zinahitaji kufungwa juu ya vichwa vya watu ili zisiumize macho, kufutwa vumbi, na kupimwa. Tofauti ni kwamba kwa taa tunajua malipo ya taabu hiyo, kwa namba zilizotoka kwenye wodi za kweli, na paneli chache za sola zinatosha kuziwasha.

Plazima ina mahali pake Bujumbura. Chumba cha upasuaji, maabara inayoshughulikia makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, chumba cha mgonjwa ambaye hata hewa ya nje ni hatari kwake: humo dirisha mara nyingi haliruhusiwi, na sanduku lililofungwa, lenye kiwango cha hewa kinachojulikana na mtego wa ozoni, linaweza kushindana kwa haki na chujio. Mkurugenzi wa hospitali anayelitaka aulize mambo matatu kabla ya kutia saini: linapitisha mita za ujazo ngapi kwa saa, jaribio lake lilifanywa kwenye chumba cha ukubwa gani, na ozoni inayotoka ni kiasi gani baada ya mwaka mzima wa kazi. Asiyeweza kujibu la tatu asiuziwe nafasi ukutani. Kwa wengine wote, wakiwemo wakuu wa shule, wachungaji, maimamu na wenye ofisi, kifaa cha kununua kwanza ni kipimo cha hewa ukaa, kidogo kama simu. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi katika milioni. Chumba kikivuka 1000 watu wamo katika kuvuta pumzi za wenzao, na hapo fungueni.

Kazi iliyobaki ni ya wenye mamlaka ya viwango. California imeweka sheria kwamba kisafisha hewa cha ndani kisitoe ozoni zaidi ya sehemu 50 katika bilioni, na kifaa kisichopimwa hakiruhusiwi kuuzwa huko. Viyoyozi na visanduku vya ioni husafiri, na kinachokataliwa kwenye soko moja hutafuta soko jingine. Ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wadai namba hiyo iandikwe kwenye kila kifaa kinachoshushwa bandarini Bujumbura au Dar es Salaam, kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma.